Mguu wa Kushoto

Baba mdogo ameikataa gari yangu. Ni IST, otomatiki, na sababu aliyotoa ni fupi: "Mura, hiyo inajiendesha. Mimi nitakuwa nafanya nini humo?"

Ameendesha Fuso kati ya Tarime na Mugumu miaka mingi. Alianza utingo, akalala juu ya magunia, akakabidhiwa usukani kidogo kidogo. Sasa goti la kushoto limeisha, klachi haliwezi tena. Anashinda nyumbani, na gari isiyohitaji mguu huo ipo uani.

Nilimcheka, halafu nikaona aibu. Anachouliza si habari ya gari. Ulichokipata kwa jasho kikifanywa na mashine, heshima yako inabaki wapi?

Ila nina ubishi naye, tena kwa somo lake mwenyewe. Ukishuka kwenda Nyamongo, upande wa bonde la Mto Mara, unapunguza gia kabla ya mteremko, si katikati. Injini ndiyo inayoishika gari; breki zikiachiwa kazi yote zinachemka, zinaishiwa nguvu. Sasa madereva wangapi wa gari za manyuo wanaweka "free" hapo, eti waokoe dizeli? (Na kwa injini za kisasa hawaokoi kitu: ukiwa kwenye gia, mguu umeutoa kwenye mafuta, injini yenyewe inayakata.) Mtu ana gia zote na hatumii hata moja, wenzake wamekaa juu ya mzigo. Otomatiki yangu nayo ina L, ukiiweka inashika. Kwa hiyo uangalifu haukai kwenye klachi.

Hapo akanikamata: "Wewe umeshaiweka hiyo L mara ngapi?"

Mbili. Katika miaka minne.

Gari yangu hainilazimishi kuufikiria mteremko, nami nisipolazimishwa sifikiri. Yeye klachi ilimlazimisha kila siku mpaka ikawa tabia. Siku hizi kuna hata Scania zinazobadili gia zenyewe, pedali ya klachi hakuna. Utingo wa kesho atalazimishwa na nini? Sijapata jibu la kumpelekea.

Jumamosi usiku niliacha funguo mezani kwake, sikusema kitu. Asubuhi nikakuta gari palepale, haijasogea hata hatua. Ila kiti cha dereva kilikuwa kimerudishwa nyuma, kwa mtu mwenye miguu mirefu kuliko yangu.