Je, Nia Njema Yatosha?

Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, Zaire, wauguzi walipewa sindano tano tu kila asubuhi. Baada ya mgonjwa mmoja walizisuuza kwa maji ya uvuguvugu, wakamchoma mwingine. Ebola ikapata njia. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Wahudumu 11 kati ya 17 walikuwa miongoni mwao.

Walipenda watu. Lakini upendo hauui vijidudu. Sindano zilikuwa chache, ila moto wa kuchemshia ulikuwepo. Hatudaiwi tusichonacho, twadaiwa tulichonacho.

Basi zahanatini tuangalie: ndoo ina maji? Sabuni ipo? Mhudumu amenawa? Kumwuliza kwa heshima si utovu wa adabu. Ni kumlinda yeye pia.