Sikio Halilipi Kiingilio

Hebu tuulizane: mtu anayesimama nje ya uzio wa makuti akasikiliza muziki ambao wenzake wameulipia, je, ni mwizi? Swali linaonekana dogo, lakini sisi tunaotaka kuishi kwa kalamu hatuwezi kulikwepa.

Jumamosi moja nilikwenda na jamaa yangu kwenye mgahawa wa mtaani kwetu, Mwananyamala, Dar es Salaam, kuiona bendi ya hapo hapo mtaani. Tulilipa kiingilio, tukaagiza chipsi na soda, tukakaa. Meza ya mbele palikuwa na mabwana wanne waliobishana habari za Simba na Yanga tangu wimbo wa kwanza. Mpiga solo anahangaika na nyuzi zake, wao wamempa mgongo. Nilipotoka kupunga upepo nikawakuta nje akina mama wauza mihogo, makonda waliomaliza kazi, na watoto waliopanda juu ya matofali. Mzee mmoja mwenye kandambili alikuwa amefumba macho, anafuata mapigo kwa kidole gumba cha mguu. Wimbo ulipokwisha akasema, “Huyu wa besi leo ana lake jambo, kachelewa mara mbili.” Nikarudi ndani, nikatega sikio. Kweli bwana, besi ilikuwa inaburuta.

Jamaa yangu hakuyumba. “Wale wanaiba,” alisema. “Tungesimama nje sote, bendi ingekula nini?”

Ana hoja. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilizaliwa 1978, na baadaye ikawa chini ya shirika la DDC. Wanamuziki wa namna hiyo walikuwa waajiriwa, na mshahara hauhesabu vichwa mlangoni. Bendi ndogo inayotegemea kiingilio haina kinga hiyo: mlango ukiwa mtupu, na sahani ya mpiga besi ni tupu. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mwanamuziki dhidi ya anayenakili na kuuza kazi yake. Mpita njia aliyesimama gizani ameachiwa dhamiri yake.

Na dhamiri inasemaje? Mimi naona madeni ni mawili. La kwanza ni la pesa, nalo humpata mwenye nazo. Anayejibanza ukutani huku noti imetulia mfukoni, huyo simtetei. Lakini asiyenazo hakumpunguzia mpigaji kitu. Hata angefukuzwa, mlangoni isingeongezeka senti moja. La pili ni la usikivu, na hilo halifutwi na tiketi. Kiingilio hununua kiti, hakinunui ruhusa ya kumgeuza msanii kuwa kelele ya kushushia bia.

Nasi yetu ni hayo hayo. Nakala moja ya jarida kama hili huweza kuzunguka mikononi mwa watu kumi, tisa hawakuinunua. Nikimkuta mmoja wao amekunja ukurasa wangu, akanionyesha sentensi iliyopwaya, siwezi kumwita mwizi. Nitamwomba tu, siku akishika pesa, apitie mlangoni. Na yule aliyenunua kisha akafungia vitumbua? Huyo kalipa deni moja. La pili bado namdai.