YULE MAMA JUKWAANI NI NANI?



Karatasi hii umepewa uwanjani, au labda umeiokota kituoni baada ya mwingine kuitupa. Vyovyote iwavyo, usiikunje bado. Ulisimama kule nyuma kabisa, karibu na wauza karanga, ukamwona mama ameshika kipaza sauti anahubiri. Ukamgusa mwenzako, mkacheka: "Eti mwanamke naye anahubiri! Si akapike?" Au wewe ni binti, wala hukucheka, lakini moyoni ulisema: yule kazaliwa mtakatifu, mtu kama mimi na mambo yangu haya siwezi kusimama pale.

Wote wawili mmedanganywa! Najua ninachosema, maana mama wa namna hiyo ndiye mimi.

MUNGU HAKUANZA LEO

Tafuta Biblia, hata ya kuazima. Fungua Luka sura ya 8, mistari mitatu ya kwanza. Utamkuta Mariamu Magdalene. Huyu pepo saba walimtoka. SABA! Mtu wa hivyo mtaani kwenu watoto wanamrushia mawe, na wakubwa wanahamia upande wa pili wa barabara. Lakini Yesu alimfungua, naye akamfuata Yesu pamoja na akina mama wengine ambao walikuwa wakiihudumia kazi ile kwa mali zao wenyewe.

Sasa nenda Yohana 20. Alfajiri, bado giza. Petro na mwanafunzi mwingine walikimbia mpaka kaburini, wakaona sanda, wakarudi zao nyumbani. Mariamu yeye akabaki pale nje analia. Na ni yeye Yesu alimtokea. Akamwita kwa jina lake, kisha akamtuma awapelekee wanafunzi habari kwamba Bwana yu hai. Jamani, habari kubwa kuliko zote duniani ikawekwa mdomoni mwa mwanamke aliyekuwa na mapepo! Na siku zile neno la mwanamke lilikuwa halina uzito. Luka 24 inasema mitume wenyewe waliposikia waliona ni upuuzi tu. Unafikiri Yesu hakujua kwamba watamcheka? Alijua. Akamtuma vilevile.

Wako watumishi wanaosoma maneno ya Paulo kwa Timotheo na kusema mwanamke asifundishe kanisani. Siwatukani, ni ndugu zangu, na wengine wao wameniombea nikiwa mgonjwa. Ila mimi nikisoma Warumi 16 namwona Paulo huyohuyo akimtambulisha dada Foibe, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na kuwaomba watu wampokee na kumsaidia. Na katika Matendo 18, Priskila na mumewe Akila walimchukua Apolo, msemaji hodari kweli kweli, wakamweleza njia ya Mungu sawasawa zaidi. Apolo hakununa. Mwanamume mwenye akili hufundishika.

YAYA ALIYEBEBA MOTO

Umesikia watu wanaitwa Wapentekoste. Moto huo ulivuma sana kuanzia mwaka 1906 mjini Los Angeles, Marekani, katika jengo kuukuu la Mtaa wa Azusa. Kiongozi wake alikuwa William Seymour, mtu mweusi, wazazi wake waliwahi kuwa watumwa. Wengi humtaja yeye na kuishia hapo. Lakini uliza ni nani alimwelekeza!

Alikuwa mama aitwaye Lucy Farrow. Huyu alizaliwa utumwani, huko Virginia. Baadaye alichunga kanisa dogo la watu weusi mjini Houston, na riziki yake ilitokana na kazi ya uyaya katika nyumba ya mhubiri mzungu, Charles Parham. Mwaka 1905 ilimbidi asafiri na familia ile, akamwachia Seymour kanisa. Aliporudi alikuwa amejazwa Roho Mtakatifu, akamsimulia Seymour yaliyompata. Seymour akaenda kusoma kwa Parham, na kwa sababu ya ubaguzi wa rangi wa siku zile aliketi nje ya chumba, akisikilizia mlangoni. Alipofika Los Angeles alimwita mama Farrow aje asaidie. Akaja. Akawawekea watu mikono, wakajazwa. Kisha akapanda meli akavuka bahari mpaka Liberia, hapa hapa Afrika, kuhubiri.

Yaya, bwana! Mtu aliyezaliwa akiwa mali ya mtu! Wewe unayesema "mimi nauza tu genge", au "mimi ni dada wa kazi tu", unamwambia nini Mungu huyu?

NILIVYOANGUKA NIKIWA JUKWAANI

Sikiliza na hili, maana watu wa jukwaani hatupendi kulisema. Mkutano wangu wa kwanza nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilishona suti mpya. Mahubiri niliyakariri kwenye kioo, mpaka mahali pa kupunga mkono. Nilikuwa nimeimba kwaya, sauti ninayo, basi nikajua mambo yatakuwa mepesi. Katikati ya mahubiri jenereta likazima. Kimya! Nikajaribu kupaza sauti, neno halitoki. Vijana wa nyuma wakaanza kupiga miluzi. Nilishuka nalia, na usiku ule niliapa kwamba huduma basi.

Asubuhi akaja mama mmoja mzee wa kanisa letu, muuza maandazi. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Mwanangu, mara ya mwisho uliomba lini, wewe na Mungu peke yenu, bila mtu kukusikia?" Nikahesabu. Wiki tatu! Nilikuwa naomba kanisani tu, ambapo watu wanasema amina.

Akanichukua. Kila siku saa kumi alfajiri, kabla hajawasha moto wa maandazi, tulipiga magoti kwenye jiko lake lenye moshi. Tulisoma sura moja, akaniuliza imesema nini na leo nitaitii vipi. Ilikuwa shida! Kuna siku alinituma nikamwombe radhi dada mmoja wa kwaya niliyemsengenya. Nikaenda miguu inatetemeka. Miaka miwili sikushika kipaza sauti. Nilifagia kanisa, nikatembelea wagonjwa, nikafundisha watoto. Niliporudi jukwaani jenereta lilizima tena siku moja (majenereta yetu unayajua), nikaendelea bila hofu. Nilikuwa nimezoea kusema na Mungu gizani.

Ndiyo maana mtu akishuka jukwaani watu wakimpongeza, mimi huuliza nyumbani kwake kukoje. Anasali? Anasamehe? Yuko mtu anayeweza kumwambia "hapo umekosea", naye akasikia? Dada zangu watumishi, nanyi someni hapa: mkichoka, semeni mmechoka! Kuna watu huhubiria maelfu na hawana hata mtu mmoja wa kumlilia.

NA WEWE JE?

Kijana, mimi sikuiti jukwaani. Nakuita kwa Yesu. Aliyemfungua Mariamu anaweza kukufungua na hiyo pombe, huo uzinzi, hizo bangi, hiyo chuki kwa baba aliyekukimbia. Usingoje uwe msafi kwanza, Mariamu hakujisafisha. Wala usidhani maisha yatakuwa laini. Watakucheka kijiweni, na rafiki fulani utampoteza. Nami nilipoteza.

Kama umeamua, omba hivi kwa kumaanisha, hata kama uko ndani ya daladala:

"Bwana Yesu, ni mimi. Nimetenda dhambi na wewe wazijua zote. Naamini ulikufa kwa ajili yangu, ukafufuka. Nisamehe, nifungue. Kuanzia leo mimi ni wako. Nifundishe kukufuata nisipoonekana na mtu. Amina."

Umeomba? Haleluya! Sasa fanya hivi: kesho alfajiri amka kabla ya wengine, soma Yohana sura ya kwanza, useme na Yesu kwa maneno yako mwenyewe. Jioni njoo uwanjani, usisimame tena kule kwa wauza karanga. Kushoto mwa jukwaa utakuta mikeka na akina mama wanaoomba. Mmoja ni mzee sana, amejifunga kanga kiunoni, mikono inanukia hiliki. Mwambie umesoma karatasi. Atakuuliza maswali.