Karatasi ya Kale na Neno la Uwongo

Tumeulizwa katika darasa letu la Kaloleni, Nairobi: je, yafaa kuuza barua ya kale iliyokwisha kujulikana kuwa ni ya kubuni, ikiwa mnunuzi ataka kuitundika ukutani tu?

Jawabu yetu ni kuwa yapasa kwanza kupambanua baina ya ukale wa karatasi na ukweli wa maneno. Mfano ni ile «Barua ya Makka» iliyoenea Lindi na kwengineko mwaka 1908, katika utawala wa Wajerumani. Ilidai kuwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.), ameusiwa naye usingizini awaonye watu kuwa Kiama kimekaribia. Watu wakainakili, na serikali, ambayo ilikuwa haijasahau vita vya Maji Maji, ikaingiwa na hofu. Na barua yenyewe haikuwa mpya: Java ilionekana zaidi ya miaka 20 kabla. Nakala ya mwaka ule ni ya kale kweli, na ina faida kwa msomaji wa tarikh. Lakini miaka 100 na zaidi haikuligeuza neno lake likawa kweli.

Basi mwenye nakala hiyo na aiuze, kwa sharti amwambie mnunuzi ni kitu gani. Ama mwenye kuchovya karatasi mpya katika maji ya chai ili ipate rangi ya uzee, kisha akaandika chini yake jina la Sayyid Barghash, huyo ni mghushi, hata bei ikiwa ndogo. Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya chungu ya nafaka sokoni, akakuta umaji chini, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha.

Wengine husema: «Mnunuzi ajua ni ya bandia na ameridhika, dhara iko wapi?» Dhara iko kwa warithi. Mnunuzi hufa, na siri yake hufa naye. Nasi watu wa pwani twajua kuwa mashamba yetu, wakfu zetu na nasaba zetu mara nyingi zasimama juu ya karatasi. Pambo la leo laweza kesho kuletwa mbele ya kadhi kuwa ushahidi, yatima akanyang'anywa haki yake na mtu asiyejua kuwa ashika uwongo mkononi.

Kwa hivyo, ndugu zetu, ubandia wa waraka na uandikwe nyuma ya waraka wenyewe, kwa wino usiofutika. Bei yake ikianguka kwa sababu hiyo, basi kilichopungua ni thamani ya uwongo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.