KUMKUMBUKA MAMA NA BIBI BAADA YA KUFA KWAO

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetia huruma katika nyoyo za mama zetu kabla sisi hatujajua kuomba. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na aali zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zangu Waislamu, mtu akifiwa na mama yake huulizwa: Khitma lini? Umechinja wangapi? Wala haulizwi: Mama yako alikufundisha nini, nawe umelishika? Na swali hili la pili ndilo lenye kumfaa maiti wako.

Tazameni mwendo wa Sayyida Asma binti Abi Bakr, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Mwaka wa Hijra, nao ni mwaka 622 wa Miladi, alikuwa na mimba. Naye ndiye aliyeupasua mshipi wake vipande viwili, akafungia chakula na maji ya safari ya Mtume s.a.w. na baba yake. Alipohamia Madina alikuwa na mume maskini, az-Zubeir, asiye na mali ila farasi na ngamia wa kutekea maji. Akimlisha farasi, akiteka maji, akikanda unga, na akichukua kokwa za tende juu ya kichwa chake mwendo wa yapata maili mbili. Na juu ya taabu hiyo hakuwa mwenye kukusanya. Mwanawe Abdallah amesimulia ya kuwa mama yake hakuwa akiweka kitu kwa ajili ya kesho.

Mwaka 73 wa Hijra (692) mwanawe huyo aliuawa Makka, na al-Hajjaj akausulubu mwili wake. Akamwita mama aje kwake, mama akakataa, hata yeye mwenyewe al-Hajjaj akamwendea. Asma, naye ni mkongwe sana, akamjibu pasi na khofu ya kuwa yeye amemharibia mwanawe dunia yake, na mwanawe amemharibia yeye akhera yake. Kisha akamsomea hadithi aliyoisikia kwa Mtume s.a.w. Basi hata siku ile, na mwili wa mwanawe haujazikwa, mama huyu hakuacha kufikisha ilimu. Hazikupita siku nyingi naye akafa.

Je, wajukuu wake walimkumbuka kwa nini? Alikuwa na mjukuu mwanamke, Fatma binti al-Mundhir, aliyekaa kwa bibi yake akasikiliza. Naye Fatma aliolewa na binamu yake Hisham bin Urwa, mjukuu wa Asma vile vile, na mwanachuoni mkubwa wa Madina. Mwanachuoni huyu hakuona haya kupokea ilimu kwa mkewe, na mkewe akisema kuwa ameisikia kwa bibi yake. Katika hayo ni hukumu aliyoitoa Mtume s.a.w. juu ya nguo iliyopatwa na damu ya hedhi: ikwanguliwe, isuguliwe kwa maji, isuzwe, kisha isaliwe. Jambo hili wanaume wengi huona haya kulitaja. Walakini Imam Malik amelipokea kwa Hisham, na Imam wetu Shafii amelitia katika kitabu chake al-Umm, likawa katika dalili za madhehebu yetu ya kuwa najisi huondoshwa kwa maji. Basi ewe ndugu yangu, kila uoshapo nguo yako upate kusali, wafuata ilimu iliyotoka kinywani mwa bibi, ikapokewa na mjukuu wake.

Na Mtume s.a.w. ametufundisha ya kuwa mwanadamu akifa amali zake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, ilimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema mwenye kumwombea. Mama aliyekufundisha Alhamdu, au kurejesha amana, au kutomrudisha mwombaji mlangoni, hiyo ni ilimu yake. Ukiitenda, thawabu zamfikia. Ukiiacha, wewe ndiwe uliyemfungia mlango.

Ama hii desturi ya wafiwa kukopa fedha wapate kuwalisha watu, haina asili. Aliposhahidi Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, mwaka 8 wa Hijra, Mtume s.a.w. aliamrisha watu wa Jaafar wapikiwe chakula. Na Imam Nawawi katika Minhaj asema ni suna majirani ndio wawapikie wafiwa. Na ubaya huzidi ikiwa katika warithi mna yatima, na sufuria yapikwa kwa fungu lake.

Basi anza kwa deni la mama yako, ulilipe. Kisha wasia wake. Kisha umpe dada yako fungu lake la urithi kwa ukamilifu. Kisha uwaunge jamaa zake na marafiki zake, na umwombee kila baada ya sala. Na ambaye mama yake au bibi yake angali hai, na aende leo akakae mbele yake amsikilize, kabla hajawa mwenye kuuliza kaburi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awasamehe mama zetu na bibi zetu, azitie nuru kaburi zao, na atujaalie sisi kuwa katika amali zao zisizokatika. Amin.