Kusema Usiloliamini

Swali hili ni kongwe kuliko vyuo vyetu. Mwaka 155 kabla ya Kristo, mji wa Athens ulipeleka Roma ujumbe wa wanafalsafa watatu. Mmoja wao, Carneades, siku moja aliisifu haki mbele ya hadhara, na siku ya pili akaipinga kwa ufasaha uleule. Vijana walipendezwa. Mzee Cato hakupendezwa. Alilihimiza baraza limalize upesi shughuli ya wageni hao, warudi kwao.

Jambo la Carneades leo wanafunzi wa sheria hulitenda kwa amri ya kanuni. Katika mashindano ya mahakama ya kuigiza, kama yale ya Jessup yaliyoanza mwaka 1960, au yale ya haki za binadamu ya Afrika yaliyoanza mwaka 1992, kila kundi hupewa kesi ya kubuni, likaandika hoja za mdai na hoja za mdaiwa, kisha likazitetea zote kwa zamu mbele ya majaji.

Je, huu ni uongo? Sidhani. Uongo huhitaji mtu wa kudanganywa, na hapa hayupo: majaji wajua kuwa msemaji amepewa upande, kama timu ya mpira ipewavyo goli la kulinda, ikalibadili baada ya mapumziko. Wakili naye si shahidi. Mawakili wangengoja waamini kwanza ndipo waseme, mtu achukiwaye na mji mzima angekosa msemaji, naye ndiye mwenye haja naye zaidi.

Hatari naiona kwingine, katika majuma ya maandalizi. Mwanafunzi apekuapo vitabu hukuta hukumu iibomoayo hoja yake, na mkono ukatamani kufunga kitabu. Hakuna jaji amwonaye saa hiyo. Akiificha, amevuka mpaka. Maana majaji wameridhia aelemee upande mmoja, hawakuridhia awapotoshee sheria. Akiileta, hana budi kuonyesha jinsi kesi ile inavyotofautiana na hii, au akubali kushindwa katika nukta ile na kutafuta njia nyingine. Kazi hiyo huchosha, nayo ndiyo elimu yenyewe. Nimekaa na makundi kadhaa maktabani, nikaona kuwa aandikaye hoja za upande anaouchukia humtilia mpinzani maneno manyonge, ili kesho amshinde kwa urahisi. Mmoja aliambiwa na mwenziwe, “Ndugu yangu, huyu uliyemwandika hayupo. Atakayekuja ana akili.”

Hata hivyo Cato hakuwa mpumbavu. Alama hutolewa kwa ujuzi wa sheria, mpango wa hoja na wepesi wa kujibu maswali. Nani alikuwa na haki katika kesi ile, aghalabu halitangazwi. Kijana aliyeshinda pande zote mbili aweza kurudi kwao akidhani kuwa haki ni jina la upande uliosema vizuri zaidi. Simwombi ayaache mashindano. Ningependa tu kwamba, vikombe vikishagawiwa, kundi likae faragha, na kila mmoja aulizwe: ungalikuwa wewe jaji, ungaliamuaje, na kwa sababu gani? Katika makundi niliyoyauliza, jibu huchelewa. Na mara nyingine mwenye kombe mkononi ndiye wa mwisho kujibu.