Usimjibie Mungu

Mjukuu wangu, unaniuliza kwa nini Mungu alimchukua mama yako baada ya kufunga na kuomba kote kule. Sijui. Nimekuwa mzee wa kanisa tangu kichwa hiki hakijaota mvi, na sijui.

Sisi watu wa Bukoba swali hilo lilitushukia sote kwa pamoja Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama kabla ya kufika Mwanza na mamia ya watu wetu ndani. Jumapili zilizofuata, aliyekuwa amechelewa meli alisimama mbele na sadaka ya shukrani: Bwana kamwokoa. Haki yake. Lakini benchi la nyuma alikaa mjane ambaye mumewe aliiwahi. Mpaka leo shuhuda za namna hiyo naziitikia amina kwa sauti ndogo.

Kasome Ayubu, usiishie sura ya pili kama wengi. Rafiki zake walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila neno. Hapo walifanya vema. Walipofungua midomo kumtetea Mungu, ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu wanaokaripiwa ni wao, si yule aliyelalamika. Naye Ayubu hakuambiwa sababu. Kuanzia sura ya 38 Mungu anamuuliza maswali tu, na yale yaliyosemwa mbinguni mwanzoni hatajiwi hata kidogo. Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani, haina shukrani mwishoni, na hakuna aliyethubutu kuiondoa.

Kwa hiyo usiku ukipiga magoti ukakosa la kusema ila "kwa nini", sema hilo hilo, useme amina, ulale. Hiyo ni sala. Atakayekuambia mama alikufa kwa upungufu wa imani, msalimie upite. Huyo hata kumuuguza hakuja. Na wewe ukienda msibani kwa watu, chota maji, pasua kuni, na ule "mpango wa Mungu" ubaki nao mwenyewe.

Usingoje jibu ndipo urudi kanisani, utazeeka njiani. Jumamosi jumuiya inasali kwa jirani hapo. Nenda. Nyimbo zikikushinda, kaa tu. Wakikupa sala ya kufunga, waambie leo huwezi, watampa mwingine.